Kidole Kimoja Kikiuma

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: 1 Wakorintho 12:14–27

Twawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na hasa ninyi mlio vitandani kwa ugonjwa, ambao usiku wa jana ulikuwa mrefu kwenu kuliko kwa wengine.

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya mwili. Mtume Paulo alipotaka kuwafundisha Wakorintho maana ya kanisa, alichukua mfano wa mwili, wenye mguu na mkono, sikio na jicho. Aliwaonyesha kwamba mguu hauwezi kujitenga kwa kuwa haukuumbwa mkono, na kwamba kichwa, hata kikijiona kikubwa namna gani, hakiwezi kuifukuza miguu. Kisha akafika penye jambo kuu, ya kuwa maumivu ya kiungo kimoja ni maumivu ya mwili mzima.

Mtu akitaka kujua ukweli wa maneno hayo, na amwulize mgonjwa wa jongo.

Jongo, ambao wengi wetu hapa Kenya twauita gauti, ni ugonjwa wa viungo. Mara nyingi huanza katika kidole gumba cha mguu. Mtu hulala akiwa mzima, na usiku wa manane huamshwa na maumivu makali. Kiungo kimevimba, kina joto, ngozi imevutika na kung'aa. Hata shuka ikikigusa, mgonjwa hulia kama mtoto. Kidole chenyewe ni kidogo, lakini usiku ule jicho halilali, mkono haupumziki, tumbo halitaki chakula, na mke na watoto wako macho. Mtu huyo hahitaji kufasiriwa maneno ya Paulo. Anayajua.

Madaktari wana jina lao kwa hali hiyo. Huiita inflamesheni, yaani mwako ndani ya mwili. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na wanafunzi wa udaktari wanafundishwa dalili hizo mpaka leo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu huweza kufichika, na watu wakadhani mgonjwa anajidekeza. Joto na uvimbe havidanganyi.

Lakini tuelewane hapa. Mwako huo si adui. Mungu aliuweka mwilini kwa faida yetu. Mwiba ukikuchoma shambani, chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali pale kama askari, hupigana na uchafu ulioingia, na kazi ikiisha moto huzimika, nawe unapona. Ubaya huja moto unapokuwa na kuni kila siku, usipate nafasi ya kuzimika.

Na kuni za jongo ni nini? Kuna taka moja ya mwili iitwayo asidi ya yuriki. Hutokana na vitu viitwavyo purini, vilivyomo katika chembe za mwili wetu wenyewe na katika baadhi ya vyakula. Figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Figo zisipoweza kuitoa kwa kadiri inavyotengenezwa, huzidi katika damu. Mwaka 1848 daktari mmoja Mwingereza, Alfred Garrod, alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi hiyo kupita kiasi.

Akina mama mtatuelewa upesi tukisema hivi: ukitia sukari nyingi mno katika chai ya moto, huyeyuka, chai ikipoa, sukari ile hujikusanya chini ya kikombe. Ndivyo ilivyo asidi hiyo. Ikizidi katika damu huganda na kuwa chembe ndogo ndogo zenye ncha kama sindano, na hupenda kuganda mahali penye baridi kidogo, kama kidole cha mguu kilicho mbali na moyo. Siku moja askari wa damu huziona chembe zile, huzidhania kuwa adui, na vita huanza usiku huo huo.

Vita hivyo huchukua kama siku 7 hadi 14, kisha hutulia. Na hapa ndipo penye hatari kuu, wapenzi. Maumivu yakitulia, mtu husema, "Nimepona." Huvaa viatu vyake, hurudi katika mazoea yake ya zamani, naye hutupa ile karatasi ya daktari. Kumbe sindano zile zimebaki ndani. Mwako mdogo usiosikika unaendelea. Baada ya miezi, au miaka, maumivu hurudi, safari hii katika kifundo cha mguu, kisha goti, kisha mkono. Vinundu hujitokeza viungoni na sikioni, viungo hupinda, mawe huota katika figo. Tena, watu wenye jongo mara nyingi huwa pia na presha, au kisukari, au ugonjwa wa moyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku za kuziba ufa wa jongo ni siku zile mguu hauumi.

Sasa, kabla hatujasema habari ya chakula, kuna mambo mawili yatupasa kuyaondoa njiani, maana yote mawili yanawaumiza wagonjwa, na yote mawili hutoka kanisani kwetu.

La kwanza ni lawama. Zamani jongo uliitwa ugonjwa wa wafalme, kwa kuwa ulionekana kwa watu wa meza zilizojaa nyama na divai. Kwa hiyo mtu akichechemea tu, majirani hucheka. Husema, "Nyama hizo zinamlipiza," au husema, "Bila shaka anakunywa pombe kwa siri." Katika parishi zetu tumewaona wazee walioacha kuja ibadani kwa ajili hiyo. Mmoja alikuwa akisaidia kikombe katika Ushirika Mtakatifu. Mguu wake haukuingia tena katika kiatu, akaona aibu kusimama mbele ya watu kwa kandambili, naye akajikalia nyumbani. Watu walisema amerudi nyuma katika imani. Hakuna aliyekwenda kumwuliza mguu wake wajionaje.

Ndugu, ukweli ni huu. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe, na sehemu ndogo ndiyo itokayo katika chakula. Wengi wana jongo kwa sababu ya figo walizozaliwa nazo, jinsi mtu anavyorithi macho ya babaye. Wengine wanayo kwa sababu ya ugonjwa wa figo, au kwa sababu ya dawa za presha zile zinazoongeza mkojo. Akina mama nao hupatwa, hasa baada ya kukoma hedhi. John Calvin, yule mwalimu mkuu wa Matengenezo ya Kanisa aliyefariki Geneva mwaka 1564, aliteswa na jongo, naye hakuwa mlafi; waliomjua wameandika kwamba alikula kidogo sana, na kwa miaka mingi alikula mlo mmoja tu kwa siku. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Someni Yohana sura ya 9, mwone jinsi Bwana alivyolikataa swali lile. Nasi tulikatae.

La pili ni kumtenga Mungu na daktari, kana kwamba mtu hana budi kuchagua mmoja. Wako wanaofungua 2 Mambo ya Nyakati sura ya 16, wakamsoma mfalme Asa, ambaye katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake alishikwa na ugonjwa mkali wa miguu, akawategemea waganga bila kumtafuta Bwana, akafa. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walisema ugonjwa ule ulikuwa jongo, na maumivu yake wakayalinganisha na sindano katika nyama hai. Basi watu husema, "Mnaona? Asa alikwenda kwa waganga, akafa. Ombeni tu, acheni vidonge."

Lakini isomeni sura yote. Kabla ya mguu wake kuugua, Asa alikuwa amekwisha kuacha kumtegemea Mungu. Alitafuta msaada kwa mfalme wa Shamu, na nabii alipomwonya, alimtia gerezani. Kosa lake halikuwa kumwita mganga. Kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana nje ya mlango. Mlinganisheni na Hezekia katika Isaya 38. Hezekia aliugua karibu na kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Kisha nabii Isaya, huyo huyo aliyeleta jibu la maombi, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja, wala havikugombana.

Baada ya kusema hayo, na tuje mezani.

Jambo la kwanza ni nyama. Nyama za ndani, yaani maini, figo na moyo, zina purini nyingi sana. Mgonjwa wa jongo na aziache, na mutura pia auache. Supu nayo aitazame vizuri, kwa maana nyama ikichemshwa muda mrefu, purini zake huingia katika maji yale, na watu wengi huamini kwamba wakiiacha nyama wakanywa supu wamejiepusha. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi si haramu kwake, lakini iwe kipande kidogo, tena si kila siku. Samaki wadogo wanaoliwa wazima, kama dagaa, wapunguzwe. Twajua neno hili ni gumu kwa ndugu zetu wa kando ya Ziwa Victoria, ambako omena ni kitoweo cha mnyonge. Hatusemi watu walale njaa. Twasema kuna kitu kingine cha kuweka mahali pake, nacho kipo sokoni: maharagwe, ndengu, kunde, mayai na maziwa.

Wengine watashangaa kusikia maharagwe, kwa sababu kwa miaka mingi wagonjwa wa jongo walikatazwa maharagwe kwa kuwa yana purini. Lakini mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi uliowafuata wanaume zaidi ya 47,000 huko Marekani kwa miaka 12. Ulionyesha kwamba waliokula nyama na samaki kwa wingi walipatwa na jongo zaidi. Waliokula mboga na kunde zenye purini hawakupatwa zaidi ya wengine. Na waliokunywa maziwa walipatwa kidogo kuliko wengine, hasa maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Kwa hiyo githeri yako, mama, imerudishiwa heshima yake, na mala yako pia, hasa ukiwa umeondoa mafuta ya juu.

Jambo la pili ni pombe. Bia huleta madhara mara mbili, kwanza kwa purini zilizomo ndani yake, na pili kwa kuwa kileo huzuia figo kutoa ile asidi. Vinywaji vikali navyo havina usalama. Kanisa letu limehubiri mengi juu ya pombe, na hatutaongeza mengine asubuhi hii, ila kumwambia mgonjwa kwamba mguu wake unahubiri pia.

Jambo la tatu litatugusa sisi ambao hatunywi. Katika harusi zetu na harambee zetu tuliiondoa pombe, tukaleta makreti ya soda. Tulifanya vema kuiondoa pombe. Lakini sukari ya soda, ikifika katika ini, huongeza asidi ya yuriki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa soda zenye sukari mara mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya jongo karibu mara mbili ya wale ambao hawakunywa hata moja kwa mwezi. Basi mtu aweza kuwa ameokoka kabisa, hajui ladha ya bia, naye akalala kitandani na mguu uliovimba kwa ajili ya chupa tamu. Juisi nazo, hata za matunda halisi, zisinywewe kama maji. Ni afadhali kula chungwa lenyewe.

Jambo la nne ni maji. Anywe maji safi mara kwa mara mchana kutwa, hasa wakati wa jua kali na kazi za shamba, ili figo zipate nguvu ya kusafisha. Ila yule ambaye daktari amemwekea kipimo cha maji kwa sababu ya moyo au figo, na akifuate kipimo chake.

Jambo la tano ni uzito wa mwili na mwendo. Mtu mnene akipunguza uzito, asidi hupungua na viungo hupumzika. Lakini apunguze polepole, mwezi kwa mwezi. Atembee kwa miguu, alime bustani yake, apande baiskeli, siku ambazo kiungo hakiumi. Siku za maumivu, kiungo kipumzishwe, kiinuliwe, kiwekewe kitambaa chenye maji baridi.

Na hapa tuna neno kwa wachungaji wenzetu na kwa viongozi wa vikundi vya maombi. Kufunga chakula kabisa kwa siku nyingi, tena bila maji, huweza kuamsha jongo. Mwili ukinyimwa chakula huanza kujila wenyewe, na figo huzuiwa kutoa asidi. Kila Kwaresima wako watu wanaotoka katika kufunga wakiwa wamebebwa, na wengine husema ni shetani aliyewapiga kwa sababu waliomba sana. Tusimbebeshe shetani kazi ya asidi. Mgonjwa wa jongo, na wa kisukari, na yule anayetumia dawa, na wafunge kwa njia nyingine baada ya kumwuliza daktari. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji, na Mungu aliwapa kibali. Mtu akiacha nyama na soda siku zote 40, na fedha ile akampa mjane, Mungu hawezi kukosa kuiona saumu yake.

Sasa twasema wazi, ili mtu asipotee kwa sababu yetu. Chakula peke yake hakiwatoshi wengi. Hupunguza asidi kwa kiasi, na hupunguza mashambulio, lakini yule ambaye jongo imemrudia mara nyingi, au ameota vinundu, au figo zake zina shida, kwa kawaida atahitaji dawa ya kila siku. Iko dawa iitwayo alopurinoli. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1966, ikiwa ni kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hiyo haiondoi maumivu ya usiku mmoja. Kazi yake ni kupunguza asidi mpaka zile sindano ziyeyuke polepole. Madaktari hulenga asidi ishuke chini ya miligramu 6 katika desilita moja ya damu na ikae huko. Huanza kwa kiasi kidogo na kuongeza, na katika miezi ya kwanza maumivu huweza kuja tena, kwa kuwa chembe za zamani zinayeyuka. Wengi hukata tamaa hapo, wakasema dawa ni mbaya, wakaitupa. Msiitupe, rudini kwa daktari. Lakini ukiona upele mwilini, au vidonda mdomoni, baada ya kuanza dawa hiyo, iache mara moja na ukimbilie hospitali.

Tena msinunue vidonge vya maumivu kila wiki dukani bila kupimwa. Vingine huharibu figo na kutoboa tumbo, hasa kwa mwenye presha. Msiache dawa za presha kwa kuwa mmesikia zinaongeza asidi. Mwambieni daktari, naye ataona kama iko nyingine. Na kiungo kikivimba kwa ghafula pamoja na homa na kutetemeka, msingoje kesho, kwa maana huenda ni usaha katika kiungo, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Wala si kila maumivu ya viungo ni jongo. Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake, wala kuacha maini hakutauponya. Ndiyo maana kupimwa ni lazima.

Haya yote mgonjwa anaweza kuambiwa na daktari kwa dakika kumi. Mbona basi ni wachache wanaoyatimiza? Wapenzi wasikilizaji, hapa ndipo twarudi kwa mtume Paulo.

Mgonjwa hutoka hospitali peke yake, lakini hali peke yake. Anarudi katika nyumba ambamo mboga hupikwa kwa sufuria moja. Anakwenda katika matanga, katika mahari, katika ibada ya shukrani, ambapo mbuzi amechinjwa, na heshima ya mtu mzima huonyeshwa kwa vipande anavyopewa. Akisema, "Ahsante, sitakula maini," mwenyeji anakunja uso. "Mzee, umetudharau? Kidogo tu! Siku moja haiui." Naye, kwa kuwa hataki kumwaibisha mwenyeji, anakula. Usiku wa tatu analia kitandani, na mwenyeji yule yule akisikia husema, "Pole, lakini mzee naye hajui kujizuia."

Ndugu, tumemlazimisha kwa mkono mmoja na kumhukumu kwa mkono wa pili. Hiyo si njia ya viungo vya mwili mmoja. Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 8, kwamba kama nyama ingemkwaza ndugu yake, yeye angeiacha kabisa. Hakuwa akisema habari za jongo, bali za nyama ya sanamu. Hata hivyo moyo wake ni ule ule: kwamba sahani yangu inamhusu ndugu yangu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, nayo hayahitaji harambee. Kwanza, katika nyumba, chakula cha mgonjwa kiwe chakula cha wote. Mama asipike sufuria mbili, moja ya wazima na moja ya yule wa ugonjwa, aliyekaa kando na mboga zake kama mtoto aliyeadhibiwa. Maharagwe, sukuma wiki, ugali na maziwa havitamdhuru mtoto yeyote. Pili, katika karamu za kanisa, kamati iweke maji safi mezani pamoja na soda, na maharagwe au ndengu pamoja na nyama, na mtu achukue atakacho bila kuulizwa. Mgeni akisema "ahsante, imetosha," neno lake lipokewe mara ya kwanza. Nasi wachungaji tuanze, kwa maana katika kila nyumba tunayotembelea, jogoo hukimbia akituona. Mchungaji akiomba githeri, hata maskini wa parishi atapumua. Tatu, asiyeonekana ibadani atafutwe. Yule asiyeweza kupiga magoti asiachwe nyumbani. Na aje kwa kandambili, akae kwenye benchi, nasi tutamletea mkate na kikombe mahali alipo. Katika Meza ya Bwana hakuna aliyelazimishwa zaidi ya awezavyo, na hakuna aliyepitwa.

Nawe ndugu mgonjwa, usijifiche. Mwambie mke wako, mwambie mume wako, mwambie mchungaji wako, "Nina ugonjwa huu, nisaidieni." Usingoje shambulio la pili. Wiki hii ambayo mguu umetulia, nenda ukapimwe damu. Anza na jambo moja, soda au maini, na mwezi ujao uongeze la pili. Siku ukianguka mezani, usikate tamaa ukasema yote yamekwisha. Kesho yake rudi tena katika njia. Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hufagiwa kila siku, kwa ufagio ule ule, na yule aliye na nguvu kidogo leo husaidiwa na mwenziwe kushika mpini.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyetuumba na viungo vingi katika mwili mmoja, twakusihi uwakumbuke wote wanaoamka leo na maumivu ya mifupa na viungo. Wape usingizi, wape uvumilivu, wape madaktari wenye hekima na dawa inayofaa. Utusamehe sisi tuliowacheka na tuliowalazimisha. Uzibariki meza za nyumba zetu, ziwe na kiasi na upendo, ili mdogo na mkubwa, mzima na mgonjwa, wale pamoja kwa furaha. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeiosha miguu ya wanafunzi wake. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na Bwana awe nanyi.